Edward, Eduadi, Duarte: jina la mzee wetu lilikotoka

Haya ndo niliyosema Jumapili nyumbani kwenye sherehe ya ubatizo wa mtoto wa kaka. Waliokaa nyuma hawakusikia vizuri sababu ya spika, na ndugu walioko mbali wameomba, kwahiyo nimekaa nikayaandika kama nilivyoyasema, nimeongeza vichache tu nilivyosahau nikiwa pale mbele.

Tumsifu Yesu Kristo.

Shikamooni wazee wangu wote. Mama shikamoo. Wifi yangu hongera sana, umetuletea mtoto mzuri. Na nyie wadogo zangu wa huko mwisho wa turubai naomba mziki upungue kidogo tu, nikimaliza mtaendelea mpaka usiku.

Nimeombwa niseme neno kuhusu jina la mtoto. Mnajua wiki mbili zilizopita kwenye grupu la ukoo kulitokea maneno, sitamtaja mtu na wala hakukosea kuuliza, alisema kwanini mtoto apewe Edward, jina la Mzungu ambalo halina maana yoyote, kwani sisi hatuna majina yetu. Akajibiwa na mwingine kwamba Edward ni jina la Biblia basi inatosha, mjadala ufungwe. Mi nilikaa kimya siku ile lakini liliniuma sababu Edward ni jina la baba yetu, nimelibeba kwenye vyeti vyangu vyote maisha yangu yote, nikajiuliza hivi kweli nalijua? Nikaanza kusoma. Na leo naomba niwaambie wote wawili, kwa upendo kabisa, kwamba hakuna aliyepatia. Jina hili lina maana, tena nzito. Na kwenye Biblia halimo. Tafuteni kuanzia Mwanzo mpaka Ufunuo, mtamkuta Yohana, Petro, Mikaeli, Danieli, Edward hamtamkuta.

Sasa limetoka wapi. Limetoka kwa Waingereza wenyewe, wale wa zamani sana, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, wakati Kiingereza chao hata Mwingereza wa leo akikisikia haelewi. Waliliandika Eadweard. Ni maneno mawili yamegundishwa. La kwanza ni ead, maana yake mali, heri, baraka, yale mafanikio mtu anayojaliwa, mi nikilitafuta kwa Kiswahili naona neno linalokaa vizuri ni neema. La pili ni weard, maana yake mlinzi. Kwahiyo Edward ni mlinzi wa neema. Mlinzi wa mali ya nyumba. Mimi nimesoma hapo nikamkumbuka baba na lile shina la mnazi alilokuwa anakaa chini yake kila jioni akihesabu mbuzi wanaorudi, nikafunga kitabu kwanza.

Na hilo neno la pili mnalo midomoni kila siku bila kujua. Mama akilazwa tunasema yuko wodi namba fulani, wodi hiyo ni ward, ndo lilelile neno la ulinzi, mahali watu wanapotunzwa. Gadi wa treni, wale tuliokua karibu na reli ya Tanga mnamkumbuka na kijibendera chake, gadi naye ni neno hilohilo, ila lilipitia kwa Wafaransa, mana Wafaransa pale Mwingereza anaposema w wao walikuwa wanaweka g, ndo mana William kwao ni Guillaume. Kwahiyo wodi na gadi ni ndugu wa baba mmoja, na wote wawili ni ndugu na Edward. Hata neno la Kiingereza la bwana mkubwa, lord, ukilifuata mpaka mwanzo lilikuwa hlafweard, yaani mlinzi wa mkate. Watu wale bwana kwao alikuwa ni yule anayelinda chakula cha wenzie. Nimelipenda sana hilo.

Kingine, wale Waingereza wa kale walikuwa na utaratibu wa majina ambao unanikumbusha sisi. Hawakuokota jina tu, walichukua kipande na kipande wakaunga, na mara nyingi vipande vilizunguka ndani ya familia. Ukiona Edmund ni neema na ulinzi wa kukinga. Edwin ni neema na rafiki. Edgar ni neema na mkuki. Edith, hilo la kike, ni neema na vita. Kuna askofu mmoja mtakatifu wa mji wa Worcester anaitwa Wulfstan, baba yake alikuwa Æthelstan na mama yake Wulfgifu, yaani alipewa kichwa cha jina la mama na mkia wa jina la baba. Sasa nani atasema watu hao majina yao hayana maana? Wamefanya kama tunavyofanya sisi tunapomrudisha babu kwenye mjukuu.

Wafalme watatu walikuwa na jina hili kabla Uingereza haijavamiwa na Wanormani. Wa kwanza mtoto wa mfalme Alfred, alitawala kuanzia 899 mpaka 924. Wa pili alikuwa kijana mdogo sana, aliuawa sehemu inaitwa Corfe mwezi wa tatu mwaka 978, watu wakamwita Shahidi. Wa tatu ndo huyu ambaye ukoo wetu wa Kianglikana tunapaswa tumjue zaidi, Edward Muungama, alitawala toka 1042, akajenga kanisa kubwa la Westminster pale London, likawekwa wakfu tarehe 28 Desemba 1065, na yeye mwenyewe akafa siku chache baadae, 5 Januari 1066. Hakuacha mtoto.

Na hapo ndo pana habari ninayotaka mnisikilize vizuri, hata wale mnaokula naomba mtafune taratibu.

Mwaka ule ule 1066, tarehe 14 Oktoba, Wanormani kutoka Ufaransa wakavuka bahari wakawapiga Waingereza pale Hastings. Wakachukua kila kitu, wakachukua ardhi, makanisa, mahakama, lugha ya ikulu ikawa Kifaransa. Na majina yakafuata. Ndani ya vizazi vichache tu majina ya kale yakaanza kufa, Leofric, Godwin, Æthelred, Wulfstan, mtu ukimpa mtoto jina hilo unaonekana mshamba. Kila mtu akawa William, Robert, Richard, Henry, Ralph, na hayo tunayoyaona leo ni ya Kiingereza kabisa kumbe yaliingia na mvamizi. Inasimuliwa kwamba Krismasi ya 1171 huko Normandy, mtoto wa mfalme alifanya karamu, na wakaamua ndani ya chumba kimoja asiingie mpiganaji yeyote kama haitwi William, na bado wakapatikana zaidi ya 100 waliokaa wakala. Zaidi ya mia moja, jina moja, chumba kimoja.

Sasa kuna mwanamke namuonea huruma sana kwenye habari hii. Anaitwa Edith. Alikuwa binti wa mfalme wa Scotland na kwa mama yake alikuwa damu ya wafalme wa kale wa Uingereza. Mwaka 1100 akaolewa na mfalme Henry wa Kwanza, Mnormani. Na alipoingia kwenye kiti cha umalkia jina lake likabadilishwa akawa Matilda, sababu Edith lilikuwa linanuka Uingereza wa kale mno. Na bado wakubwa wa ikulu walikuwa wanamcheka yeye na mumewe, wakiwaita Godric na Godgifu, majina ya wenyeji, kama tusi. Yaani jina la mwenyeji kwenye nchi yake mwenyewe limekuwa tusi.

Baba alitusimulia mara nyingi kwamba alipoanza shule aliulizwa jina lake nani, akataja lile la nyumbani alilopewa na babu yake, akaambiwa hilo sio jina, jina ni la ubatizo. Alikuwa mtoto wa miaka nane au tisa. Alikuwa akifika hapo kwenye simulizi ananyamaza kidogo alafu anaendelea na kingine. Kwahiyo yule ndugu yangu aliyeuliza kwenye grupu, nakuelewa kabisa maumivu yako unapoyatoa, sina ubishi na wewe kwenye hilo. Ila nataka ujue kwamba hili jina unalolikataa, nalo lilishawahi kuwa upande huo, lilikuwa jina la waliopigwa.

Lilipona vipi? Lilipona kwa mtu mmoja. Yule Edward Muungama alitangazwa mtakatifu na Papa Alexander wa Tatu mwaka 1161, akawa na kaburi lake Westminster na watu wanakwenda kuomba. Alafu akaja mfalme Henry wa Tatu, huyu ni ukoo wa wavamizi kabisa, anaongea Kifaransa, lakini alimpenda yule mtakatifu kupita kiasi, akambomolea kanisa lile la zamani akamjengea jingine zuri zaidi kuanzia 1245, ndo hilo lipo mpaka leo. Na mwezi Juni 1239 mke wake alipojifungua mtoto wa kwanza wa kiume, yeye hakumwita William wala Henry wala Richard. Akamwita Edward. Miaka 173 tangu Hastings, mrithi wa kiti anapewa jina la wenyeji. Na mtoto wa pili wa kiume akamwita Edmund, jingine la kale lenye neema mbele. Mwaka 1269 tarehe 13 Oktoba mwili wa mtakatifu ukahamishiwa kwenye kaburi jipya na mfalme mwenyewe akashika jeneza begani pamoja na wanawe. Na kwenye kalenda ya kanisa siku yake ni hiyohiyo 13 Oktoba.

Yule mtoto alipokuwa mfalme mwaka 1272 wakaja kumhesabu kama Edward wa Kwanza. Wa kwanza! Wakati kabla yake walishapita watatu, wale watatu niliowataja, hesabu ya kifalme ikaanza upya toka kwa wavamizi kana kwamba nyuma hapakuwa na watu. Mi hilo nalo sijalipenda, lakini ndo lilivyokaa mpaka leo, na baada yake akaja mtoto wake Edward, na mjukuu wake Edward, wafalme watatu mfululizo baba mtoto mjukuu, mpaka 1377, na jina likasambaa nchi nzima kwa matajiri na wakulima. Na wengi mliangalia kwenye tv Mei 2023 Mfalme Charles anavishwa taji, lile taji zito la dhahabu linaitwa Taji la Mtakatifu Edward, na kiti alichokalia kile cha mbao chakavu ndo kiti kilichotengenezwa kwa amri ya huyo Edward wanayemuita wa Kwanza. Akina William walikuwa mia moja na kitu wanakula karamu, lakini taji ni la Edward.

Wa mwisho kutawala kwa jina hilo ni yule wa nane, aliyekaa mwaka 1936 hata mwaka haukuisha akaachia kiti sababu ya mwanamke aliyempenda, na nyumbani kwao hawakuwahi kumuita Edward, walimwita David. Babu yake naye, Edward wa Saba, nyumbani alikuwa Bertie sababu alibatizwa Albert Edward, akaamua mwenyewe mwaka 1901 anapopokea ufalme aitwe Edward tu. Kwahiyo hata huko wana jina la kiti na jina la nyumbani.

Haya, majina ya utani. Edward akiwa mdogo ni Ed, Eddie, Ted, Teddy, Ned. Ned ndo iliyonishangaza, hiyo n imetoka wapi? Zamani Kiingereza neno la kusema wangu mbele ya irabu lilikuwa mine. Mama anamuita mwanae mine Ed, Ed wangu, mine Ed, mine Ed, ukisema haraka masikio yanakata sehemu nyingine, inakuwa my Ned. Ile n ya wangu ikahamia kwa mtoto. Kwahiyo ndani ya Ned kuna neno wangu limejificha, upendo wa mama umegandia kwenye jina. Na sisi tumefanya hivohivo na kiplefti, kile cha barabarani, kibao kilikuwa kinasema keep left yaani kaa kushoto, masikio yetu yakasikia ki ya Kiswahili basi tukapata kiplefti kimoja viplefti viwili. Lugha zote ziko hivyo, sikio ndo linaamua.

Teddy huku kwetu wengi ni wasichana, mnawajua, huko kwao ni mwanaume. Na Teddy wa yule mwanasesere dubu sio Edward, ni Theodore, rais Roosevelt wa Marekani, msichanganye. Lakini wale vijana wa Uingereza wa miaka ya 1950 walioitwa Teddy boy, wenye makoti marefu, hao ni wa Edward, sababu mavazi yao yaliiga enzi za Edward wa Saba.

Kuna watu pia wamelirudisha nyuma. Yule mpiga picha aliyepiga farasi akikimbia mwaka 1878 mpaka ikaonekana miguu yote minne inaachia ardhi, alizaliwa Edward Muggeridge, akaja kujiandika Eadweard Muybridge, akarudia ile spelingi ya kale kabisa. Wairishi wanalo Éamon, ambalo kwa asili ni la Edmund lakini watu wakalitumia kwa wote wawili, na de Valera yule kiongozi wao kitabu cha ubatizo kinasema Edward, yeye akachagua kuwa Éamon mana alitaka jina lake liongee lugha ya kwao. Wawelshi wanasema ab Edward, mtoto wa Edward, ikajikunja ikawa ukoo wa Bedward. Kifaransa Édouard, na ndugu zetu wa Kongo na Burundi wanaliandika hivo. Kijerumani Eduard. Kinorwe Edvard. Kifini wamelifupisha Eetu. Wamaori wa New Zealand hawana d kwenye lugha yao wakasema Eruera. Na baba yetu kijijini kwetu alikuwa Eduadi, sababu Kiswahili hakipendi neno liishie kwa konsonanti tukaweka i. Kila watu wamelichukua wakalitia mdomoni mwao.

Ila safari ninayoipenda mimi ni ya Ureno. Binti mmoja wa Kiingereza, Philippa wa Lancaster, mjukuu wa Edward wa Tatu, aliolewa na mfalme wa Ureno. Mwaka 1391 akazaa mtoto akamtaka awe na jina la huyo babu yake Edward. Kireno likatoka Duarte. Huyo akaja kuwa mfalme Duarte kuanzia 1433. Jina likaenea Ureno, na Wareno mnajua walikwenda wapi, walikuja kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1500 Mreno mmoja anaitwa Duarte Barbosa aliandika habari za pwani hii, Kilwa, Mombasa, Malindi, akaeleza nyumba za mawe na chokaa alizozikuta na biashara ya dhahabu. Duarte ni Edward. Kwahiyo jina hili limeandika habari za Waswahili zaidi ya miaka 300 kabla ya misheni yoyote kufika Magila, huko kwetu Tanga.

Na sura nyingine ya Kireno ni Eduardo. Eduardo Mondlane, wazee mnamkumbuka. Frelimo, chama cha kupigania uhuru wa Msumbiji, ilianzishwa Dar es Salaam Juni 1962 yeye akiwa mwenyekiti, na tarehe 3 Februari 1969 akauawa hapohapo Dar kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi. Chuo kikuu cha Maputo leo kina jina lake. Mama alinambia kwamba siku ile baba alikuwa na redio, akasikia, akasema wamemuua wajina wangu. Alijua kwamba Eduardo ni wajina wake. Hakuna aliyemfundisha, alisikia tu.

Alafu kuna ziwa. Ziwa Edward lipo kati ya Kongo na Uganda, wavuvi wa Vitshumbi upande wa Kongo wanavua humo mpaka leo. Stanley, yule mpelelezi wa Kizungu, alilipa jina hilo mwaka 1889 kwa heshima ya mtoto wa Malkia Victoria, huyohuyo Bertie. Alikuwa na wapagazi mamia kutoka Unguja, wengi sana wakafia njiani msituni, na hao hawakuwekewa ziwa. Na Stanley alikuwa anatoka wapi? Alikuwa ametoka kumfuata Emin Pasha, gavana aliyekwama Equatoria, huko kusini mwa Sudan. Sasa huyo Emin Pasha alikuwa Mjerumani, na jina la utotoni ni Eduard Schnitzer! Yaani wakati Stanley analiita ziwa Edward, kwenye msafara wake mwenyewe anatembea na Eduard aliyejigeuza Emin. Wakafika Bagamoyo mwezi Desemba 1889. Miaka ya 1970 Idi Amin akalibadilisha ziwa liwe la kwake, alipoanguka 1979 likarudi Edward. Na Kabaka Mutesa wa Pili, rais wa kwanza wa Uganda, alikuwa Edward Frederick William David, na hapohapo Walugembe.

Sasa sisi tulilipataje. Hapa naomba wazee mnisahihishe nikikosea habari ya ukoo. Misheni ya UMCA, wale wamisionari wa Kianglikana, iliyokuja Magila ilikuwa na askofu wake Unguja, Edward Steere. Huyo mtu ndo aliyejenga kanisa la Mkunazini juu ya soko la watumwa, jiwe la msingi liliwekwa Krismasi ya 1873. Na kabla ya hapo, mwaka 1870, alikuwa ameshatoa kitabu cha kufundishia Kiswahili na kingine cha hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja, hadithi za sungura na sultani, akaziandika kama zilivyosemwa. Akaongoza kazi ya kutafsiri Agano Jipya kwa Kiswahili. Fikirieni, Edward mwenyewe ndo anatuandikia Agano Jipya kwa lugha yetu na jina lake humo halimo hata mara moja. Alikufa 1882, amezikwa mlemle kanisani nyuma ya altare. Babu yetu mzaa baba alisoma kwa walimu waliofundishwa na watu wa Steere, na alipopata mtoto wa kiume akasema huyu Eduadi. Hakupewa na padri kama tulivyokuwa tunadhani. Shangazi mkubwa ndo amenithibitishia juzi kwa simu, babu alilichagua mwenyewe sababu ya yule askofu aliyependa Kiswahili.

Nchi hii imekuwa na mawaziri wakuu wawili wa jina hili, wote wa Monduli, Edward Moringe Sokoine na Edward Ngoyai Lowassa. Tarehe 12 Aprili 1984 Sokoine alipofariki kwa ajali ya gari kule Morogoro mimi nilikuwa mdogo lakini nakumbuka watu wazima wakilia barabarani. Angalieni majina yao, Edward Moringe. Edward Ngoyai. Walugembe kwa Kabaka. La kanisani na la nyumbani yanakaa pamoja bila kugombana.

Nakaribia kumaliza. Kaka, hili nakuambia wewe hasa. Baba alipostaafu alihangaika miezi kumi na nne kupata mafao yake sababu cheti cha ubatizo kiliandikwa Eduadi, barua ya ajira imeandikwa Edward, na kadi moja ofisi iliandika Edwad bila r. Ofisi ikamwambia hawa ni watu watatu. Alienda kwa wakili akaapa kwenye karatasi lenye muhuri kwamba Eduadi, Edward na Edwad ni mtu mmoja na ndo yeye. Hiyo karatasi ya kiapo ninayo, nimeileta, hii hapa. Mzee wa miaka sitini anaapa kwamba yeye ni yeye. Kwahiyo kaka ukienda kuandikisha cheti cha mtoto simama hapohapo dirishani, soma herufi moja moja, e, d, w, a, r, d, usiondoke mpaka umeona. Nyumbani mwiteni mnavyotaka, Eduadi, Edu, Ned, lakini kwenye karatasi iwe moja.

Na jambo la mwisho. Lile jina la nyumbani ambalo baba alilitaja siku ya kwanza ya shule akaambiwa sio jina, hakuwahi kulitumia tena popote, na sisi watoto wengi hatulijui. Anayelijua ni mama. Amelitunza miaka yote. Juzi nilimuuliza kama tunaweza kumpa mtoto liwe la pili, liandikwe kwenye cheti kabisa baada ya Edward, akafikiri kwa muda mrefu alafu akakubali, ila akasema atalitaja yeye mwenyewe kwa mdomo wake mbele ya watu wote, mimi nisilitaje.

Wifi, naomba umpe mama mtoto. Zimeni mziki kabisa. Mama, kipaza sauti hiki hapa.